Subira ya Safaricom na Subira ya Mumias

Hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, mamia ya maelfu ya watu walizigombania, na wengi walikopa benki ili wapate nyingi zaidi. Juni 9 zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipita shilingi 7, kisha ikaporomoka. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5, na mwaka 2012 bado ilikuwa ikihangaika kuirudia bei ile ya kwanza. Waliouza kwa hasara hawakuiona Agosti 2021, hisa moja ilipopita shilingi 40. Simulizi hii hutolewa mara nyingi kama ushahidi kwamba mwenye hisa kazi yake ni kungoja tu. Lakini hisa za Mumias Sugar, kampuni ya sukari, nazo ziliuzwa kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25, na waliongoja huko walingoja mpaka mwaka 2019, kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Subira ni ile ile; kilichotofautiana ni kile kilichokuwa kikingojewa.

Ndiyo maana naona swali la kungoja au kuuza haliwezi kujibiwa kwa kutazama bei. Linajibiwa kwa kurudi kwenye sababu ya kununua, na sababu hiyo ni bora iandikwe siku ile ile ya ununuzi, kwa sentensi moja: nimenunua kwa kuwa biashara hii inakua, inapata faida, na haielemewi na madeni. Wakati bei ya Safaricom inashuka, sentensi hiyo ilikuwa bado kweli. M-Pesa, huduma yake ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Machi 2007, ilikuwa ikienea kila kibanda cha wakala, na kampuni ilikuwa ikitoa gawio. Kwa Mumias, sentensi ilivunjika hadharani pale vitabu vya mwaka ulioishia Juni 2013 vilipoonyesha hasara, na hasara ikafuatana na hasara. Hapo kuamua upesi si papara, kwa sababu fikra nzito ilikwisha kufanywa siku ya kununua.

Mtu atasema mwekezaji mdogo hupata habari baada ya walio ndani ya kampuni kuuza hisa zao. Ni kweli, na atapoteza sehemu ya fedha zake. Hata hivyo, Mumias haikuanguka kwa siku moja: kati ya hasara ile na kusimamishwa ilipita takriban miaka sita, na muda wote huo hisa ziliuzika. Pingamizi lililo zito zaidi ni la mkopo. Aliyekopa kununua Safaricom huenda alikuwa na sababu sahihi kabisa, lakini marejesho ya kila mwezi hayakungoja M-Pesa ikomae. Tarehe yake ya kuuza ilipangwa na benki tangu siku aliyotia saini.