Kabla hujamuuzia mzazi wa kwanza kigari cha mtoto, muulize maswali haya manne

Leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi. Leo naleta hasara yangu mwenyewe, ili wewe usiipate.

Mimi nauza vitu vya watoto vya mtumba hapa Dar es Salaam: vigari vya kusukuma, vitanda, viti vya kulia chakula. Fremu sina, duka langu ni simu. Mwaka wa kwanza wa biashara hii niliposti kigari cha mwamvuli, kile chepesi ambacho ukikikunja kinabaki kirefu na chembamba. Cha bluu, nimekifua kinanukia. Dada mmoja akaja inboksi: "Bei?" Nikamjibu 85,000. "Mwisho?" Nikamwambia 75,000, na boda juu yangu. Akatuma hela, nikatuma mzigo. Hatukumaliza hata dakika kumi. Nikajisifu moyoni, hii ndiyo biashara bwana.

Siku ya tatu, usiku, simu ikaita. Hakuwa yeye, alikuwa mama yake mzazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hiki kiti ulichotuuzia kinamkunja mtoto." Nikauliza mtoto ana umri gani. "Wiki tatu." Akanitumia picha. Kale katoto kamekaa, kidevu kimegusa kifua, mwili umeangukia upande mmoja.

Nikamwomba wamtoe palepale na wasimweke tena. Asubuhi nikakifuata mwenyewe, nikarudisha 75,000 yote, nauli za boda nikazimeza. Hakuna aliyenitukana. Wala hela siyo iliyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba yule dada alikuwa na mtoto wa kwanza, hakujua cha kuuliza, na mimi niliyepaswa kujua sikumuuliza hata swali moja.

Tangu siku hiyo, kwangu kigari hakitoki bila maswali manne. Nakupa yote.

SWALI LA 1: MTOTO ANA UMRI GANI?

Hili ndilo la kwanza, kabla hata ya bei. Mtoto mchanga shingo yake haijakaza na kichwa ni kizito. Ukimkalisha, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagandamiza kifua, na njia ya hewa inabanwa. Hana nguvu ya kujiinua, na wala hatalia ili ujue. Ndiyo maana mtoto wa miezi ya mwanzo anatakiwa alale chali, mgongo umenyooka, mpaka afike kama miezi sita au aweze kukaa mwenyewe bila kushikiliwa.

Kwa hiyo kama mtoto hajazaliwa au ana wiki chache, mwonyeshe kigari ambacho mgongo wake unalala kabisa, au chenye kitanda chake kidogo cha kupachika juu. Kiti kinachoegama kidogo tu nyuma hakitoshi, hata kama muuzaji wa jumla amekuambia ni cha kuanzia siku ya kwanza.

Kuna vingine vinakuja na kiti cha gari kinachopachikwa juu ya kigari. Hivyo wateja wanavipenda sana. Mwambie ukweli: kiti kile ni cha safari, siyo kitanda. Wakishafika, mtoto atolewe alazwe pa kunyooka.

Je, kigari cha mwamvuli ni kibaya? Hapana. Kilibuniwa na Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965. Alikuwa mhandisi wa ndege, amewahi kushughulika na magurudumu ya kutua ya ndege ya vita ya Spitfire, na alitumia ujuzi wa chuma chepesi kutengeneza kigari ambacho mzazi anakikunja na kukibeba mkononi. Kwa mtoto anayekaa, na mzazi anayepanda na kushuka magari, ni kizuri mno. Kosa langu mimi lilikuwa kukipeleka kwa mtoto wa wiki tatu.

SWALI LA 2: KITASUKUMWA WAPI?

Usiulize "unakaa wapi" tu, uliza njia ikoje. Mteja wa Masaki mwenye njia ya lami na mteja wa Tabata ndani, kwenye mchanga na mawe, hawauziwi kitu kimoja.

Magurudumu madogo ya plastiki yanafaa kwenye vigae, sakafu ya maduka makubwa na lami. Kwenye mchanga yanazama, mzazi anaishia kukibeba kigari na mtoto ndani. Kwa barabara za mtaani tafuta magurudumu makubwa, ikiwezekana yenye springi. Kama ni ya upepo, mwambie yanapata pancha kama baiskeli, na wewe hakikisha kabla hujaposti kwamba yanashika upepo na fundi baiskeli anaweza kuyaziba.

Gurudumu la mbele liwe linazunguka kwa kukata kona, lakini pia liwe na kifungio cha kulinyoosha. Kwenye njia mbovu, gurudumu linalozungukazunguka linakwama kwenye jiwe, na kigari kinasimama ghafla.

SWALI LA 3: KITAKAA WAPI, NA NANI ATAKIBEBA?

Niliwahi kumuuzia mama mmoja wa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, kigari kikubwa kizuri cha kilo kumi na kitu. Amejifungua kwa upasuaji. Kigari kile kikageuka kabati la kuwekea nepi.

Siku hizi napima vitu viwili kwa kila kigari: uzito, na ukubwa wake kikiwa kimekunjwa. Mzani wa kupimia mizigo upo, futi ya fundi cherehani ipo, huna sababu. Ukiandika "kikikunjwa kina sentimita 100 kwa 30," mteja anapima mwenyewe nyuma ya mlango wake au nyuma ya bajaji anayoitumia. Umeokoa maswali ishirini na boda moja ya kurudisha mzigo.

SWALI LA 4: UNAKITAKA KWA KAZI GANI?

Hapa ndipo utapoteza mauzo machache na kupata wateja wa kudumu. Mjamzito mmoja alinijia anataka seti nzima, kigari na kiti cha gari. Tukaongea. Gari hawana, anakaa nyumba ya kupanga chumba na sebule, safari yake kubwa ni kliniki mara moja kwa mwezi, na mama yake anakuja kukaa naye. Nikamwambia: "Dada, miezi hii ya mwanzo utambeba kwa kanga na mikono ya bibi ipo. Weka hela yako. Akianza kukaa, njoo uchukue chepesi cha bei ndogo."

Alirudi baada ya miezi saba. Alikuja na shoga zake wawili.

SASA KAGUA MZIGO WAKO

Maswali ni ya mteja, ukaguzi ni wako. Mtumba una historia usiyoijua, kwa hiyo mimi kila kigari nakipitisha hapa kabla ya kupiga picha:

Kifungio cha kukunjia. Kikunjue, sikiliza kama kimejifunga, kisha kitikise na ukigandamize kwa nguvu. Vingi vina vifungio viwili, na vyote viwili lazima vishike. Kikijikunja mtoto akiwa ndani ni balaa.

Maungio. Angalia panapokunjwa chuma kama pana nafasi ya kidole cha mtoto kuingia. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren na mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani walitangaza kurekebishwa kwa vigari kama milioni 1 vilivyouzwa nchini humo, baada ya taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole kwenye maungio. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuziba maungio hayo. Vigari vya zamani bado vinazunguka kwenye mitumba. Mwambie kila mteja: mtoto akae mbali wakati wa kukunja na kukunjua.

Mikanda. Mizuri ina ncha tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na wa katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio watu wanaudharau, kumbe ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini mpaka kichwa kikanaswa. Funga, vuta kwa nguvu. Klipu ikiachia, usiuze.

Breki. Weka mfuko wa mchele wa kilo kumi ndani, kipeleke kwenye mteremko, kanyaga breki, achia huku mikono iko karibu. Kikisogea, hakijapona.

Stika. Kwenye chuma au chini ya kiti tafuta jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Viandike mtandaoni uone kama kimewahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Ni kazi ya dakika tano.

Hapo kwangu stoo pana vigari viwili nilivyonunua kwa hela yangu ambavyo sitaviuza kamwe. Natoa magurudumu na vitambaa vyake kuwa spea. Ndiyo hasara, lakini ile picha ya saa tatu usiku sitaki kuiona tena.

NAMNA NINAVYOPOSTI SIKU HIZI

Zamani niliandika "Kigari kikali, bei inboksi." Sasa naandika hivi:

"Kigari cha mtumba, kwa mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, SIYO mchanga. Kilo 6. Kikikunjwa sm 105 kwa 30. Magurudumu madogo, kinafaa lami na vigae, siyo mchanga. Mikanda ncha tano, breki nimeijaribu. Kasoro: kitambaa kimefifia upande wa kulia, ona picha ya nne. Bei 80,000."

Na video fupi ya mimi mwenyewe nakikunja, nakikunjua na kuvuta mikanda. Siyo lazima uonekane sura, mikono inatosha. Maswali ya inboksi yamepungua, na wanaokuja wanakuja na hela.

Ukikabidhi mzigo, toa maneno matatu ya mwisho, hata kwa ujumbe wa sauti. Moja, usining'inize mifuko ya sokoni kwenye mpini, mtoto akitolewa au akijitupa nyuma kigari kinapinduka. Mbili, usifunike kigari kwa kanga juani. Unadhani unaweka kivuli, kumbe hewa haipiti na ndani panapika. Tumia kofia ya kigari na utafute mti. Tatu, ukisimama, kanyaga breki, hata kama ni pa tambarare.

Na yule dada wa wiki tatu? Nilipomrudishia hela yake nilimwomba msamaha, nikajua nimempoteza. Mwezi uliofuata mama yake akanipigia tena. Nikashtuka, nikaamkia. Akasema: "Mwanangu, ulivyokuja mwenyewe kukichukua, nimekuamini. Tutafutie kile cha kulala." Nikakitafuta wiki mbili nzima, nikakikagua kama cha mwanangu.

Huenda wewe huuzi vigari. Unauza viatu, simu, majiko ya gesi. Bado lipo swali moja ambalo mteja wako wa mara ya kwanza hajui kuuliza, na wewe unalijua. Muulize kabla hajatuma hela.

Kwako ni swali gani? Liandike kwenye komenti, wenzetu wajifunze. Na kama unamjua anayeuza vitu vya watoto, mtumie hii.