Swali Linalostahili Kuulizwa Kabla ya Upasuaji wa Mgongo

Hakuna swali linalowachosha wapasuaji wa mgongo kama lile la iwapo mgonjwa atapooza kisu kikigusa uti wake, kwa kuwa limejibiwa mara zisizohesabika na bado watu wanaahirisha matibabu huku miguu ikizidi kufa ganzi.

Hofu hiyo imechangiwa na lugha, maana jina moja, uti wa mgongo, hubeba vitu viwili: safu ya pingili za mifupa, na ugwe, yaani mkanda laini wa neva unaopita ndani ya safu hiyo ukipeleka amri za ubongo. Anayeambiwa kwamba uti utapasuliwa hudhani ugwe utakatwa, ilhali kwa mtu mzima ugwe hukoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na diski zinazopasuliwa zaidi kiunoni ni mbili za chini kabisa. Huko hakuna ugwe. Kuna mizizi ya neva iliyotandazika kama mkia wa farasi, ambayo yaweza kujeruhiwa na kudhoofisha unyayo au kuvuruga mkojo, lakini huelea majini na husogezwa kando kwa uangalifu. Upasuaji wa shingo na kifua ndio unaoukaribia ugwe wenyewe, na hatari yake haifai kufichwa.

Anayekikimbia kisu huishia kulazwa kifudifudi na kukanyagwa ili diski irudi, jambo lisilowezekana kabisa, kwa kuwa diski ni gegedu lenye kiini cha uteute, na kiini kilichokwisha kuchomoza hakirudishwi kwa kisigino. Ikiwa pingili zimeliwa na kifua kikuu, kisigino hicho chaweza kuzivunja na kuleta upoozaji uleule uliokuwa ukikimbiwa.

Hatari zinazostahili kuulizwa ni kupasuliwa pingili isiyo yenyewe, maambukizi na kuvuja damu. Pingili za kiuno hufanana, na wapo watu wenye sita badala ya tano, kwa hiyo mpasuaji makini huchoma sindano mahali alipokusudia, hupiga eksirei mgonjwa akiwa mezani, kisha huhesabu kabla ya kuondoa hata kipande cha mfupa. Tumbo la mgonjwa huachwa huru, kwani likibanwa, damu hujaa kwenye vena za mgongoni na kufurika jerahani. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, huilazimu timu kutamka jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, na kuthibitisha kuwa antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu upasuaji wa aina mbalimbali katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya orodha hiyo kuanza kutumika.

Maumivu mengi ya diski hupungua kwa wiki kadhaa za dawa na mazoezi; ganzi sehemu za siri au kushindwa kukojoa hudai hospitali siku hiyohiyo; anayesubiri upasuaji aache sigara, adhibiti sukari na ataje dawa zote, aspirini na mitishamba ikiwemo. Kisha aulize pingili yake itathibitishwa kwa picha gani, na nani ataisoma orodha kwa sauti.