Tabibu wa Nafsi na Ngazi ya Elimu Yake

Katika nyumba za Waislamu wa Arusha, tangu Bondeni na Ngarenaro hata vijiji vya mtelemko wa Mlima Meru, mzazi hufurahi akiambiwa na mwanawe kwamba ataka kuwa daktari. Lakini akielezwa kuwa si udaktari wa kupasua wala wa kuchoma sindano, bali wa kutibu hofu, huzuni na wasiwasi kwa mazungumzo na mafunzo, furaha yake hupungua. Huuliza: Je, elimu hiyo yatufaa sisi Waislamu? Yasomwa wapi? Na mlango wake wataka nini? Yafaa tuyajibu maswali hayo, kwani kijana asiyejibiwa huikata tamaa yake mapema, na mgonjwa naye hubaki bila tabibu.

Ama la kwanza, elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akabainisha ya kuwa nafsi nayo huugua na ina tiba yake. Huko Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali maalumu pa wagonjwa wa akili. Na katika zama zilizo karibu nasi, Malik Badri wa Sudan (1932–2021) alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1961. Mwaka 1979 akatoa kitabu cha kuwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze kila neno la Magharibi pasipo kulipima. Tazameni vema: hakuitupa elimu ile. Aliipanda ngazi yake hata juu, ndipo akaweza kuipima.

Yapasa pia tutofautishe watu wawili. Daktari wa magonjwa ya akili husoma kwanza udaktari wa kawaida, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba husoma saikolojia, hupima akili na hisia kwa vipimo maalumu, na hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Wote wawili wahitajiwa, wala mmoja hamwondoi mwenziwe.

Sasa tuitazame ngazi yenyewe. Hapa Tanzania, kidato cha sita hutakiwa ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. Na vyuo huongeza masharti yao. Kisha huja shahada ya kwanza, hasa ya saikolojia. Baada yake ni shahada ya uzamili, na juu kabisa ndiyo uzamivu. Pale Tengeru twacho chuo kikubwa cha Nelson Mandela, kinachotoa uzamivu wa sayansi na uhandisi, lakini saikolojia tiba haimo. Kijana wetu hana budi kusafiri. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa uzamili wa saikolojia tiba. Nairobi, ambayo kwa njia ya Namanga i karibu nasi kuliko Dar es Salaam, ina vyuo vyenye masomo ya uzamivu wa fani hii, mathalani Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar na USIU.

Katika vyuo vya kwetu Afrika Mashariki, mwenye kuomba uzamivu hutakiwa awe na uzamili wa fani ile au iliyo karibu nayo. Marekani, vyuo vingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza tu, lakini masomo huchukua miaka mitano, sita au zaidi, na mwaka mmoja mzima ni wa mazoezi mbele ya wagonjwa. Uingereza masomo ni miaka mitatu, kwa mwenye shahada ya saikolojia inayotambuliwa na chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo, na ambaye amekwisha kufanya kazi karibu na wagonjwa.

Basi alama njema peke yake haitoshi. Mwombaji huulizwa pia: Umefanya utafiti gani? Umewatumikia wagonjwa wapi? Ni walimu gani watakaokushuhudia? Kwa hiyo asiikimbie hesabu kwa kudhani kuwa saikolojia ni maneno matupu. Takwimu ndiyo uti wa mgongo wa utafiti. Na ajihadhari na wauzao vyeo vya udaktari kwa fedha. Shahada ya nje ipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itambuliwe.

Wazee wetu, kuna jambo moja lisilofundishwa chuoni: kutunza siri. Mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyosengenya amekwisha kupata nusu ya kazi hii. Wala msiwazuie mabinti. Yuko mwanamke aliyejifungua, akaingiwa na huzuni isiyokwisha, na jamaa zake wakanena kuwa ni jini tu. Huyo huona haya kumfunulia mwanamume moyo wake. Akimpata tabibu mwanamke, ajuaye Kiswahili chake na heshima ya dini yake, huenda akasema. Kumsomea dua hatukatazi, lakini Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, na dua haigombani na tabibu.

Ngazi hii ni ndefu, na yataka fedha na subira. Lakini hata afikaye uzamili, kisha akafanya mazoezi yaliyowekwa, aweza kuanza kuwatumikia watu huku akijiandaa kwa uzamivu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Amin.