Bembea chini ya paa la maduka

Juma hili nataka tuzungumze habari ya bembea. Sina maana ya ile ya kamba iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Nina maana ya mashine ziendazo kwa umeme, zilizowekwa ndani ya majumba ya maduka, ambazo watoto wetu wa mjini huzililia kila Jumapili. Baadhi yenu mmeniuliza: mwenye duka ana nini na bembea? Swali ni zuri, na jibu lake linaanzia mbali, katika nchi za baridi.

Mwaka 1956, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota huko Marekani, lilifunguliwa jumba la maduka la Southdale. Aliyelichora ni Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1938. Minnesota wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu, na kiangazi chake nacho kina joto kali. Kwa hiyo Gruen aliyakusanya maduka ndani ya jengo moja lililofungwa, lenye mitambo ya kurekebisha hewa mwaka mzima. Nia yake ilikuwa kuwapa watu wa vitongojini mahali pa kukutana, kama ilivyo katikati ya miji ya Ulaya. Wafanyabiashara walilichukua jengo, nia wakaiacha. Uzeeni mwake Gruen mwenyewe aliyakana majumba hayo.

Waliofuata walikwenda mbali zaidi. Huko Edmonton, Kanada, ambako baridi huweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri, ndugu wa ukoo wa Ghermezian, wenye asili ya Iran, walifungua West Edmonton Mall mwaka 1981. Mwaka 1983 wakaongeza bustani nzima ya michezo ya mashine ndani ya jumba hilo, wakaiita Fantasyland. Jina hilo liliwaingiza katika kesi na kampuni ya Walt Disney, na mwaka 1995 bustani ikaanza kuitwa Galaxyland. Jumba hilo lilikuwa pia na bwawa la mawimbi, na nyambizi nne za kutembeza wageni majini, wakati jeshi la majini la Kanada lilikuwa na tatu tu.

Kampuni ya ndugu hao ilishiriki pia kujenga Mall of America, iliyofunguliwa mwaka 1992 mjini Bloomington, si mbali na Southdale. Hapo zamani palikuwa uwanja wa besiboli, na hadi leo kuna kibao sakafuni kinachoonyesha aliposimama mpigaji. Bustani ya michezo imewekwa katikati kabisa, chini ya paa la vioo. Sehemu kubwa ya jumba haina mitambo ya kupasha joto. Jua lipitalo kwenye vioo, taa, na miili ya maelfu ya watu hutosha. Miti iliyopandwa humo ni ya kweli, na ili kuepuka dawa za sumu karibu na watoto, huachiwa vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vile wadudu waharibifu.

Msidhani ni mambo ya theluji tu. Seoul, Korea Kusini, wanayo Lotte World tangu mwaka 1989. Dubai, ambako ndugu zetu wengi hutafuta riziki, mambo ni kinyume: joto ndilo linalowafungia watu ndani. Mwaka 2005 wakatengeneza mlima wa theluji ndani ya jumba la Mall of the Emirates.

Sasa turudi kwenye swali lenu. Aghalabu mlangoni hakuna kiingilio. Unalipia kila mchezo, au unanunua kadi na kuikatakata. Mtoto haji peke yake. Huletwa na mama, baba au shangazi. Akiwa juu ya mashine, aliyemleta anazunguka. Baadaye mtoto ana njaa, na vyakula viko papo hapo. Safari ya kununua kilo mbili za sukari imekuwa ya saa nne. Wenye maduka jirani wanalijua hilo, na mwenye jengo huwatoza kodi kwa kadiri watu wanavyopita mbele yao. Kwa hiyo hata bembea ikiingiza fedha kidogo, jumba zima linafaidika. Kwa lugha ya wavuvi, mtoto ndiye chambo.

Sisemi hayo ili mwanao umnyime raha. Nasema ili uingie ukiwa na hesabu yako mkononi.

Lakini liko jambo kubwa kuliko fedha. Tarehe 14 Juni 1986, katika bustani hiyo ya Edmonton, treni ya michezo iitwayo Mindbender ilikuwa imejaa watu. Bolti za magurudumu ya behewa la nyuma zilitoka, behewa likayumba, vizuizi vilivyowashika abiria vikafunguka, na treni ikagonga nguzo ya zege. Watu watatu walikufa na mmoja akajeruhiwa vibaya. Ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata, kila treni ilipunguzwa kutoka mabehewa manne hadi matatu, na abiria wakawekewa vizuizi vya mabegani. Mashine hiyo iliendelea kufanya kazi hadi ilipofungwa kabisa mwaka 2023.

Tazameni vizuri, wasikilizaji: ni bolti. Nchi tajiri, mashine mpya ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwetu, ambako baadhi ya mashine huletwa zikiwa zimekwisha tumika kwingine, mzazi ana haki ya kuuliza. Je, kuna kibao cha kimo na umri, na kinafuatwa? Je, asubuhi mashine imeendeshwa ikiwa tupu kabla ya kupanda watoto? Je, mwendeshaji anavuta kila kizuizi kwa mkono wake, au anabonyeza kitufe huku anazungumza na simu? Je, mara ya mwisho ilikaguliwa lini, na nani? Mwenye mashine njema hatachukia maswali hayo. Anayekujibu kwa ukali, mchukue mwanao mwende zenu.

La mwisho ni la viwanja. Mwaka 1996, Mall of America ilitangaza kwamba jioni za Ijumaa na Jumamosi, kijana wa chini ya miaka 16 asingeingia bila mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Yawezekana walikuwa na sababu zao. Lakini hapo ndipo unapoona tofauti. Jumba la maduka linafanana na uwanja wa mji, lina miti, viti na watoto wanaocheka, ila lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukufungia mlango.

Sikukuu ya Idi, mtoto wa Unguja huvaa nguo mpya akaenda viwanjani na sarafu zake chache, na yule asiye na sarafu huenda pia, akatazama, akakimbia, akapata marafiki. Hilo jumba la maduka haliwezi kulitoa. Sisi hatufungiwi ndani na theluji. Kinachowasukuma watoto wetu kwenye maduka ni viwanja vya wazi kumegwa na kujengwa mmoja baada ya mwingine, huku wakubwa tumenyamaza. Bembea za umeme zije, zikaguliwe, na wenye uwezo wapande. Lakini kila mtaa ubakiwe na kiwanja chake, ambacho mtoto ataingia bila kuulizwa ana shilingi ngapi.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.