Jenerali wa Wakamba Alikuwa Nani?

Nikiwa ningali mwalimu wa historia huko Kitui, msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, jenerali wa Wakamba alikuwa nani?" Tulikuwa tumetoka kusoma habari za Shaka wa Wazulu, na ubaoni nilikuwa nimechora vikosi vyake vilivyopangwa mfano wa pembe za nyati. Nilimjibu kwamba Wakamba hawakuwa na jenerali wala jeshi lenye mpango. Akaliandika jibu langu daftarini, akalipigia mstari. Jibu lile lilikuwa la makosa, na limenisumbua hadi leo nikiwa nimestaafu.

Katika karne ya 19, Ukambani, kuanzia vilima vya Mbooni katika Makueni ya leo hadi Kitui ng'ambo ya mto Athi, hakukuwa na kiti cha enzi. Mambo ya utui, yaani ujirani, yaliamuliwa na wazee wa nzama. Hata hivyo, vita vilikuwa na kiongozi wake, naye aliitwa muthiani. Huyu hakurithi cheo. Vijana, anake, walimfuata kwa sababu alikwisha kuwatoa na kuwarudisha salama, aghalabu na ng'ombe mbele yao. Kabla ya kuondoka, mundu mue aliulizwa iwapo safari ilikuwa na heri. Nyara zikishagawanywa, jeshi lilivunjika, kila mtu akarudi shambani, mawindoni au katika biashara ya pembe za ndovu.

Ng'ambo ya vilima, katika mbuga za Kapiti, mpango ulikuwa mwingine kabisa. Morani wa Kimasai waliotahiriwa katika kipindi kimoja waliunda rika moja, wakaishi pamoja katika manyatta yao mbali na wazee, wakiwa na msemaji wao. Ngao zao za ngozi ya nyati zilichorwa alama za kutambulisha rika na ukoo wa mwenye ngao. Oloiboni aliwabariki kabla ya safari. Hili lilikuwa jeshi lililokaa tayari mwaka mzima, wala halikungoja kukusanywa. Na ndugu msomaji, hawa nao hawakuwa na mfalme! Kwa nini basi niliwasifu Wamasai kwa mpango wao, na kuwanyima Wakamba sifa hiyo?

Nadhani nilidanganywa na mwonekano. Mkuki na ngao hudai watu wasimame bega kwa bega na kushambulia kwa pamoja, na jambo hilo huchoreka vizuri ubaoni. Upinde wa Mkamba hudai kinyume chake. Mishale ilipakwa ivai, sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami, kisha ikaviringwa kwa ngozi laini isikauke. Mwenye silaha hiyo hana haja ya kumkaribia adui. Anachohitaji ni kichaka, jabali na mteremko, na wenzake wawe wametawanyika, kila mmoja akijua mahali pake. Kutawanyika huko ndiko kulikokuwa mpango wenyewe. Penye uwanda morani alikuwa bwana. Palipoanza mawe na vichaka, mkuki wake ulipungukiwa. Nao Wakamba walishuka mara kwa mara kuwanyang'anya Wamasai mifugo, kwa hiyo tusiwafanye wahanga tu.

Mpango huu ulikuwa na udhaifu wake, na mwaka 1851 ulidhihirika. Kivui Mwenda, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alitoka na watu wake kwenda mto Tana. Pamoja naye alikuwamo mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika Kitui mara ya kwanza mwaka 1849 na kuuona Mlima Kenya kutoka huko. Karibu na mto walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivui akauawa pamoja na waliokuwa karibu naye, na wengine wakakimbia. Krapf alijificha, akachota maji kwa mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki yake, akasafiri usiku. Jamaa za Kivui walimlaumu kwa kifo kile, ikambidi awatoroke.

Krapf alimwandika Kivui kuwa chifu. Lakini angalia kilichofuata. Msafara ulisambaratika palepale alipoanguka, kwa maana uliunganishwa na mtu mmoja na sifa zake, Ukambani haukusambaratika. Nzama zilikaa kama kawaida, na anake wakatafuta mwingine wa kumfuata. Ufalme ukikatwa kichwa hivyo, mara nyingi huanguka.

Leo ningefuta zile pembe za nyati, nichore kilima cha Mbooni upande mmoja na uwanda wa Kapiti upande wa pili, kisha niwaulize wanafunzi wangesimama wapi wakiwa na upinde, na wapi wakiwa na mkuki. Msichana yule sasa ni mtu mzima. Nasikia naye anafundisha historia, na sijui kama bado anayo daftari ile yenye mstari chini ya jibu langu.