Gari la turbo halivuti? Usikimbilie kununua turbo nyingine

Jioni, maduka ya leso yakikaribia kufungwa, Biashara Street huwa haipitiki. Mikokoteni, tuktuk, akina mama na mifuko yao, na katikati ya msongamano Subaru imekwama, joto likipanda juu ya boneti. Njia ikifunguka karibu na Digo Road, dereva anakanyaga mafuta. Gari linanguruma lakini haliendi.

Hapo ndipo simu zinaanza. Mshikaji mmoja anasema turbo imekufa. Mwingine anayo ya mtumba, anakuuzia leo leo. Yakhe, kabla hujatoa akiba yako, tulia kwanza. Huenda shida ni mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Magari mengi tunayonunua hapa yanashuka bandarini yakiwa yametumika miaka kadhaa Japani, na sheria inaruhusu hadi miaka 8. Mipira ya umri huo, ikiongezwa joto la Pwani, hukauka na kupasuka.

Turbo inafanya nini hasa? Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, mara zaidi ya 100,000 kwa dakika. Upande wa pili, gurudumu lingine linavuta hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Kukandamizwa kunaipasha hewa joto, kwa hivyo inapitishwa kwanza kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa. Hewa nyingi iliyopoa hubeba petroli nyingi zaidi, na ndiyo nguvu unayoisikia mgongoni.

Sasa turudi kwenye foleni. Kwa Forester na Impreza nyingi za turbo, intakula iko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Inahitaji upepo wa mwendo. Ukikaa dakika 20 bila kusonga, inapata moto na gari linakuwa zito. Hiyo si hitilafu. Toka, endesha kidogo barabara iliyo wazi. Nguvu zikirudi, huna kesi. Lakini kama unapanda Mazeras na bado gari linajivuta, tafuta chanzo.

Anza na masikio. Sauti ya “shhh” unapokanyaga mafuta ni hewa inayotoroka. Mlio mkali kama king’ora, unaozidi kila siku, ndio wa kuitilia shaka turbo yenyewe. Kisha injini ikishapoa, fungua boneti. Angalia chujio la hewa, halafu fuata mipira yote ukiibonyeza, hasa kwenye maungio na upande wa chini usioonekana.

Mahali penye ufa panabadilisha dalili. Magari mengi ya aina hii yana sensa inayopima hewa kabla ya turbo. Mpira wa baada ya turbo ukipasuka, hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, lakini kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba hewa ipo. Matokeo ni moshi mweusi na harufu ya mafuta. Ufa ukiwa kati ya sensa na turbo, inaingia hewa ambayo haikupimwa, na petroli inakuwa pungufu. Hapo ni hatari: injini ya turbo ikibanwa na petroli kidogo inaweza kuunguza pistoni.

Sasa ndiyo zamu ya skana. P0299 maana yake ni kwamba shinikizo la hewa liko chini ya linalotarajiwa. Haimaanishi turbo imekufa. P0171 inasema petroli ni pungufu kulinganisha na hewa. Kuna pia kipimo rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, usome shinikizo la hewa kwenye injini. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, linapaswa kuwa karibu kilopaskali 101. Nairobi ni kama 82 tu, kwa sababu ya mwinuko. Ukiwa kisiwani na skana inakuonyesha 82, ishuku sensa.

Ufa usioonekana unatafutwa kwa mashine ya moshi, au kwa kujaza hewa kidogo na kupaka maji ya sabuni, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta panchari. Panapotoa povu, ndipo hapo. Asikushawishi mtu kuongeza shinikizo ili kuficha udhaifu. Turbo inayofidia ufa inazunguka kupita kiasi, na hapo ndipo inakufa kweli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ikiwa imekufa? Dalili ni moshi wa bluu, oili kupungua, na mhimili wake kucheza sana ukiushika kwa vidole. Hata hivyo uliza kilichoiua. Mara nyingi ni oili chafu au njia ya oili iliyoziba. Ukifunga mpya bila kusafisha njia hiyo, mpya nayo itakwenda.

Kwa hivyo ukifika gereji usiseme “nibadilishie turbo”. Eleza dalili: inaanza lini, injini ikiwa baridi au moto, moshi wa rangi gani. Kisha mwombe fundi akuonyeshe kwa macho kilichoharibika kabla ya kutoa shilingi. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika.