Sura ya Saba: Namna Daktari Anavyofanywa Bingwa

Mtu anapofikishwa hospitali kubwa kwa rufaa, akaambiwa kwamba maradhi yake yatatazamwa na daktari bingwa, aghalabu hudhani kuwa bingwa ni yule aliyesoma miaka mingi kuliko wenzake. Na dhana hiyo si batili, lakini haitoshi, kwani vitabu vya bingwa vinaweza kusomwa na kila mwenye macho na subira, ilhali ubingwa wenyewe haupatikani ila kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya mwalimu aliye tayari kuuzuia mkono wa mwanafunzi kabla haujakosea. Sura hii yakusudia kueleza jinsi mafunzo hayo yanavyopangwa, jinsi watu wanavyoteuliwa kuyaingia, na kwa nini uteuzi huo ni amana nzito. Na mfano wetu mkuu utakuwa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, mahali ambapo hospitali na chuo vimekaa katika kiwanja kimoja.

Nasaba ya mahali hapo ni ndefu. Asili yake ni hospitali iliyojengwa mwaka 1897 kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyekuwa mashuhuri Bagamoyo kwa biashara na kwa sadaka. Mwaka 1956 ikafuatia hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru jina hilo likaondolewa, likawekwa la Muhimbili. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo wapatao 12 tu, na kwa hiyo skuli ya udaktari iliyofunguliwa hapo mwaka 1963 haikuwa pambo la taifa changa, bali dharura. Mwaka 1968 skuli hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Nchi iliyoanza kwa kutafuta madaktari ikafika mahali pa kutafuta walimu wa madaktari, na walimu hao hawana budi kuwa mabingwa.

Utaratibu wa kumfunza daktari hospitalini daraja kwa daraja ulipata sura yake iliyoenea katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889, ambako William Osler aliongoza magonjwa ya ndani na William Halsted akaongoza upasuaji. Vijana waliokwisha kuhitimu walikaa humo mchana na usiku, wakatazama kwanza, kisha wakasaidia, kisha wakatenda wakiangaliwa, na mwisho wakakabidhiwa wagonjwa pamoja na wanafunzi wa chini yao. Na kanuni hiyo, ya kuongeza dhima kadiri ustadi unavyoongezeka, ndiyo inayofuatwa hata leo katika kila hospitali inayofundisha. Lakini Halsted aliijenga ngazi yake kwa umbo la piramidi: wengi waliingia, wengi wakatolewa njiani, hata katika miaka yake zaidi ya 30 waliofika daraja la juu kabisa wakawa 17 tu. Baadaye Edward Churchill, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, aliyageuza mambo, akapokea wachache tangu mwanzo kwa azma ya kwamba kila aliyepokewa, maadamu anaitimiza kazi yake, atafikishwa mwisho. Geuzo hilo liliihamisha hukumu: mchujo uliokuwa ukifanywa ndani kwa miaka mingi sasa ukafanywa mlangoni, na udahili, uliokuwa jambo dogo, ukawa ndio mtihani mkubwa kuliko yote.

Kwa Tanzania safari huwa hivi. Mwanafunzi husoma udaktari miaka 5, kisha hufanya mafunzo ya vitendo mwaka 1, akizungukia idara kubwa za hospitali, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, ndipo anaposajiliwa na Baraza la Madaktari. Akitaka ubingwa huomba shahada ya uzamili ijulikanayo kwa herufi zake, MMed, ambayo kwa fani nyingi huchukua miaka 3, na kwa baadhi huzidi. Kwa hiyo asiyepoteza hata mwaka mmoja hufika kwenye ubingwa baada ya miaka 9 tangu alipoingia chuoni. Siku yake huanza kwa mkutano wa asubuhi, ambapo waliokuwa zamu hueleza habari za wagonjwa waliopokewa usiku na kuulizwa sababu ya kila walilolitenda na kila waliloliacha. Hufuata raundi ya wodi, kliniki au chumba cha upasuaji, na jioni zamu nyingine humngoja. Fauka ya hayo humlazimu kuandika tasnifu, ambayo haianzi mpaka kamati ya maadili iridhie kwamba wagonjwa watakaochunguzwa hawatadhulumiwa. Na mwisho hutahiniwa kwa maandishi, kwa mgonjwa na kwa mdomo, mbele ya walimu wake na mtahini kutoka nje ya chuo, ili kwamba mapenzi au chuki ya nyumbani isiwe ndiyo mizani.

Msomaji atauliza: ikiwa mabingwa ni haba na wagonjwa ni wengi, kwa nini mlango usifunguliwe kwa kila aombaye? Jawabu ni kwamba nafasi moja ya mafunzo si kiti darasani, bali ni fungu la wagonjwa, fungu la saa za chumba cha upasuaji, na fungu la macho ya mwalimu; na mafungu hayo, yakigawanywa kwa watu wengi kupita kiasi, hayamtoshi hata mmoja. Mpasuaji aliyehitimu kwa kutazama mabega ya wenzake atapewa cheti kilekile anachopewa mwenzake aliyefunzwa barabara, kisha atapelekwa hospitali ya mkoa ambako hakuna mkubwa wa kumwita usiku wa manane, na hasara ya udahili uliolegea italipwa na mgonjwa ambaye hakuhudhuria kikao kilichoupitisha.

Vipimo vya mlangoni vyafahamika: shahada inayotambuliwa, alama za kuridhisha hasa katika fani inayoombwa, mafunzo ya vitendo yaliyokamilika, usajili, na ushahidi wa waliomsimamia mwombaji kazini. Alama hueleza hifadhi ya akili na juhudi, wala si haki kuzidharau; lakini hazielezi kama mtu ana upole kwa mgonjwa maskini, wala kama hukiri asilolijua. Mambo hayo yajulikana na wasimamizi, na kwa hiyo msimamizi anayeandika sifa za uongo kwa kumwonea mtu haya amemsaliti mgonjwa asiyemjua. Marekani, tangu mwaka 1952, waombaji na hospitali huandika kila upande orodha ya mapendeleo yake, na orodha hizo hulinganishwa kwa kanuni moja. Elimu ya ulinganishaji wa namna hiyo ilithaminiwa hata wataalamu wake, Lloyd Shapley na Alvin Roth, wakapewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Si lazima kila nchi iige kanuni ile, lakini insafu iliyomo ndani yake yafaa kila mahali: vigezo vitangazwe mapema, waamuzi wawe zaidi ya mmoja, na anayekataliwa aelezwe sababu.

Limebaki suala la gharama. Katika njia ya chuo kikuu daktari huyu huhesabiwa mwanafunzi, na hutozwa ada, ilhali ndiye anayekesha wodini. Mwenye mwajiri au mfadhili hupata nafuu, na asiye naye hulea familia kwa mkopo na dhiki. Njia ya pili ni ya vyuo vya kitaaluma, kama chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoasisiwa mwaka 1999, ambacho humfunza mpasuaji akiwa kazini katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, kwa miaka 2 ya msingi na mingine 3 ya ubingwa. Njia hii ina fadhila ya kutomng'oa daktari kutoka kwa wagonjwa wake, na ile ya chuo ina fadhila ya utafiti na mkusanyiko wa walimu. Wala hakuna sababu ya kuzigombanisha, kwani nchi yenye haja kubwa hainufaiki kwa kufunga mlango mmoja ili kuusifu mwingine.

Hukumu yangu ni hii: daktari anayetibu umma huku akijifunza astahili kulipwa ujira wa kazi yake, na nafasi ya ubingwa yapaswa kutolewa kwa stahili kwanza, na baina ya wanaostahili sawa, apewe yule anayetoka, au atakayerejea, mahali pasipo na bingwa. Wenye mamlaka juu ya bajeti na wenye kalamu katika kamati za udahili na walishike jambo hili, kwa maana kila jina wanaloliandika ni la mtu atakayeachiwa maisha ya watu kwa miaka 30 au zaidi.